Jiwe la Sheba

Tallow Creek, 3 Machi 1878

Kwako Jenerali Thaddeus Varnell,

Ukiona mwandiko umepinda usidhani unaandikiwa na mgonjwa. Ni mimi Absalom, niliyekuwa mtumwa wako na mpishi wako vita vyote, na naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimejifunza nikiwa na mvi. Wazee wenzangu hapa kanisani wakitakiwa kutia sahihi wanachora msalaba. Mimi naandika. Mjukuu wangu Delphine ndiye mwalimu. Ananikosoa, nami namkosoa, maana kuna maneno nayaandika vizuri kuliko kitabu chake.

Nasikia unagombea kiti cha Washington. Sishangai. Kidevu nilichokinyoa mimi hakiwezi kukaa kwenye picha ya mtu mdogo. Wewe ulipigwa risasi ya paja kule Vicksburg, na nani alikubeba mgongoni mpaka kwa daktari huku mizinga ya Wayankii, wale askari wa Kaskazini, inapasua udongo? Makapteni wako walikuwa wamelala kifudifudi wanatafuna mchanga. Na tulipozingirwa, chakula hakiingii wala mtu hatoki, nani alikuokea mkate wa unga wa kunde ukashuka kooni? Uliniambia, "Absalom, hata kwa mama sikula hivi." Brigedi nzima ilijua hakuna mpishi kama mimi. Mpaka leo hajatokea.

Sasa sikiliza shida yangu. Ni moja tu.

Mwanangu Enoch unamjua, alizaliwa kwenye kibanda kile nyuma ya ghala lako la pamba. Amekamatwa Januari. Aliuza kapu la pamba dukani jua likiwa limezama. Pamba yake, kailima yeye, kwenye shamba alilokodi yeye. Lakini sheria yenu mpya inasema mtu asiuze mazao giza likiingia, kwa hiyo pamba ya saa kumi ni yako, ya saa kumi na mbili ni ya wizi. Na jua lenyewe lilikuwa halijazama sawasawa, mimi nililiona. Hakimu kampa mwaka mmoja. Serikali imemkodisha kwa wenye mgodi wa makaa wa Kettle Ridge, anachimba na mnyororo mguuni. Wanaokwenda kule wengi hawarudi, na wanaorudi wanakohoa.

Neno lako moja kwa gavana linatosha. Tangu vita viishe sijakuomba hata chumvi. Naomba hiki. Nitolee mwanangu angali mzima.

Ni mimi,
Absalom Pruitt
(Hilo Pruitt nimejichagulia. Lile lako nimekurudishia.)


Varnell Hall, 22 Machi 1878

Mjomba Absalom mpendwa,

Barua yako nimeisoma mbele ya mke wangu na wageni wa chakula cha mchana, na hapakuwa na jicho kavu mezani. Zama zile za uaminifu zimepita! Vijana weusi wa siku hizi hawana moyo wako.

Habari ya Enoch imenisikitisha. Nitazungumza na wahusika. Mambo haya yana taratibu zake, nawe uwe na subira.

Wakati huo huo, nina heshima ya kukupa. Mwezi Septemba brigedi yetu ya zamani itakutana hapa nyumbani kwangu, tuchome nguruwe na kukumbushana. Mkutano utafanyika uwanjani, penye kaburi la farasi wangu Sheba. Unakumbuka jinsi alivyokufa chini yangu nikiongoza shambulio, nikamzika kwa mikono yangu, na baada ya vita nikaileta mifupa yake nyumbani. Nimemwekea jiwe la marumaru. Watu wanatoka wilaya tatu kuja kuliona. Mabibi huliwekea maua.

Nataka upande jukwaani siku hiyo umevaa koti letu la kijivu la vita. Uwaeleze watu jinsi Wayankii walivyokuita uende kwao uwe huru, nawe ukakataa kwa mapenzi yako kwa bwana wako. Basi. Maneno mafupi, kofia mkononi.

Na jambo dogo. Siku ya kura, Novemba, watu wa kanisa lako wakae mbali na mji. Kutakuwa na vurugu na sitaki waumie. Wewe wanakusikiliza.

Bwana wako wa zamani na rafiki yako wa siku zote,
Thaddeus Varnell


Tallow Creek, 9 Aprili 1878

Jenerali,

Kwanza hilo la mjomba. Mjomba wa mtu ni ndugu wa mama yake. Mama yako marehemu Bi Lavinia hakuwa dada yangu, na kama alikuwa, basi ukoo wenu una mambo makubwa kuliko nilivyodhani. Najua mnatuita wajomba ili ulimi usilazimike kutamka Bwana. Niite Absalom tu, tutaelewana.

Pili, Wayankii. Walipoingia Vicksburg mimi nilikuwa nimekwisha funga mzigo. Wewe ulikuwa umelala na paja lako bovu, ukanishika suruali, ukalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa: "Usiniache, Absalom, nitakufa huku." Nikabaki. Nikarudi na wewe mpaka nyumbani kwako, mguu kwa mguu, hali uhuru nimeuacha barabarani unanitazama. Lakini hebu jiulize kwa nini. Enoch alikuwa kwako. Yeye na mama yake walikuwa kwenye kibanda kile, na ningekwenda mimi ungewauza wao. Nilirudi utumwani kwa ajili ya mtoto yule. Leo unataka nipande juu ya mbao niseme nilirudi kwa ajili yako?

Tatu, Sheba. Hapo, Jenerali, naomba tuongee polepole mimi na wewe. Sheba hakufa kwenye shambulio lolote. Aliangukiwa na kombora akiwa amefungwa mtini, nyuma ya jiko langu. Siku ile ile ulipata nyama, baada ya wiki nyingi za kunde. Ukauliza imetoka wapi, nikakwambia mkuu wa ghala amepata ng'ombe. Ulikula ukalamba sahani. Uliomba ya kuongeza. Mifupa niliipasua mimi mwenyewe kwa shoka nikachemshia supu, na supu ile mpaka leo najivunia. Sasa hiyo mifupa uliyoileta nyumbani na kuijengea marumaru, uliitoa wapi?

Sijamwambia mtu. Mimi si mmbeya. Lakini mtoe Enoch kwanza, hotuba itafuata.

Absalom Pruitt


Varnell Hall, 14 Mei 1878

Absalom,

Umekuwa mtu wa mzaha siku zote na nimeuvumilia mzaha wako kuliko bwana mwingine yeyote angeuvumilia. Usiupeleke mbali zaidi ya hapo. Kuna watu katika wilaya hii wanaompenda Sheba kuliko wanavyokupenda wewe, na mimi siwezi kuwazuia wote.

Nimeulizia habari za mwanao. Vijana wetu wa Kettle Ridge wanatunzwa vizuri. Wanapata nyama ya nguruwe na mkate wa mahindi kila siku, na Enoch anafanya kazi yake bila malalamiko. Gavana yuko tayari kunisikiliza. Lakini atataka kuona kwamba familia ya mfungwa ni watu wa amani, wenye kujua fadhila. Mkutano wa Septemba utakuwa nafasi nzuri ya kuonyesha hilo. Hati ya msamaha nitakukabidhi pale pale jukwaani, mbele ya watu.

Amua wewe.

T. Varnell


Tallow Creek, 2 Juni 1878

Jenerali,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, halafu nikampa Delphine aisome kwa sauti, maana kuna neno nilidhani macho yangu yamenidanganya. Hayakunidanganya. Umeandika vijana wetu. Tangu lini wafungwa wa Kettle Ridge ni vijana wenu? Nimeuliza mjini. Kumbe jina la kampuni ni la shemeji yako na fedha ni zako. Yaani mimi nimekwenda kumlilia fisi anirudishie mbuzi. Kila mtu mjini alijua, mweusi na mzungu, ila mimi mjanja wa Tallow Creek. Nilidhani mtu niliyembeba mgongoni hawezi kunikalia mgongoni tena.

Mke wa Enoch alifariki wakati akimzaa Delphine. Huyu mtoto hana mwingine. Juzi ameniuliza, "Babu, unashindania nini? Si useme tu hayo maneno baba arudi?" Nikamwambia yeye ni mtoto, hajui maana ya mtu kula maneno yake. Akanijibu, maana barua zangu yeye ndiye anayezikosoa, "Wewe si uliwahi kupika farasi? Maneno yatakushinda?"

Basi. Umenishinda, na mimi sijashindwa na watu wengi. Nitakuja Septemba. Nitavaa hilo koti. Nitashika kofia mkononi, nitasema nilikupenda kuliko uhuru, na nitasema vizuri, maana mimi jambo nikilifanya nalifanya.

Ila nataka kitu kimoja. Mtume karani wako amuulize Enoch hivi: yule mbwa wetu wa jicho moja, aliyekuwa akilala naye chini ya kitanda, aliitwaje? Uniandikie jina hilo. Nikilipata nitalala usingizi.

Absalom Pruitt


Varnell Hall, 20 Agosti 1878

Absalom mpendwa,

Umenifurahisha sana, nilijua moyo wako wa zamani haujafa. Pamoja na barua hii utapokea koti jipya la kijivu lenye vifungo vya shaba, na tiketi ya treni ya kwenda na kurudi. Mke wangu ndiye aliyepima mabega kwa kukisia.

Enoch anakusalimu. Kuhusu lile swali la mbwa, kijana anasema amesahau. Kazi ya chini ya ardhi huchosha akili kidogo. Nyumbani atakumbuka yote.

Hati ya gavana ninayo mezani hapa. Tuonane tarehe ishirini Septemba.

Rafiki yako,
Thaddeus Varnell


Tallow Creek, 30 Septemba 1878

Jenerali,

Mkutano wako uliuona. Nadhani umeridhika. Nilisema kila ulichotaka na nikaongeza cha kwangu. Nilipofika pale pa kusema "nikamwambia Myankii, uhuru wangu ni huyu hapa kitandani," sajini wako Coyle, yule asiye na mguu, alilia mpaka akadondosha gongo lake. Mabibi walinitupia maua yale yale ya Sheba. Ulinikumbatia, ukanipa hati yenye utepe mwekundu, watu wakapiga makofi kama wamepata mvua. Hakuna mtu angeweza kusema uongo ule kama nilivyousema mimi. Siku nyingine zote nilizoishi najivunia. Hiyo mniachie.

Kesho yake nilikwenda Kettle Ridge na gari la nyumbu. Sikuvua koti lako, nilidhani litanifungulia lango.

Mlinzi aliichukua hati akaisoma, akaita wenzake. "Njooni mwone! Msamaha wa Enoch Pruitt!" Wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, huyu alijisamehe mwenyewe zamani." Nikauliza yuko wapi. Akaonyesha kwa kiko chake nyuma ya matanuru ya makaa, kwenye vichuguu vya udongo, havina hata kijiti. "Chagua," akasema.

Mpishi wa kambi ndiye aliyenishika mkono. Mfungwa naye, jina lake Lysander. Mpishi mwenzangu huyo. Aliniambia, "Baba, alianguka na homa ya kifua mvua za Aprili. Walimshusha mgodini hivyo hivyo. Nilimtunzia mchuzi, siku ya mwisho hakuweza kumeza. Nilimwekea kipande cha sufuria yangu kwa juu, nisije nikasahau alipo." Na kweli, kulikuwa na kipande cha chuma kimechomekwa.

Aprili, Jenerali. Mwezi Mei ukaniandikia anafanya kazi bila malalamiko. Agosti ukaniletea salamu zake.

Nami nitakwambia jambo. Ulivyoandika kwamba amesahau jina la mbwa, nilijua. Mtoto yule alimlilia mbwa yule siku nyingi asile. Nilijua, nikaikunja barua, nikamwambia Delphine baba yake anasalimu. Nikapanda treni. Ndivyo mtu anavyokuwa.

Mlinzi alitaka nirudi mikono mitupu. Nikamwambia asome tena. Hati ya gavana inasema Enoch Pruitt aachiwe, arudi kwao. Haisemi awe mzima. Tulibishana mpaka akachoka, na mimi kwenye ubishi sichoki. Nilimfukua mwenyewe na koleo la Lysander. Nimemfunga kwenye koti lako la kijivu, halikuwa na kazi nyingine. Vifungo nimevikata, vimo kwenye bahasha hii. Amezikwa hapa kanisani kwetu, pembeni ya mama yake. Hana jiwe. Mchonga mawe wa mjini anasema marumaru zote zimeagizwa na wakubwa.

Swali langu ni hili moja: ulijua?

Absalom Pruitt


Varnell Hall, 15 Oktoba 1878

Absalom,

Nakupa pole. Mimi pia nimewahi kuzika.

Umeuliza kwa ukali, nami nitakujibu kama askari. Taarifa ya kambi ilinifikia mwezi wa nne. Kampeni ilikuwa imeanza. Ningekuandikia, ungekuja Septemba? Usingekuja. Na kama usingekuja, kijana angefufuka? Asingefufuka. Kwa hiyo hakuna aliyepoteza kitu kwa kunyamaza kwangu, na watu elfu mbili walikwenda makwao na mioyo mikunjufu.

Na kwa kuwa umekuwa ukinitishia na farasi, tumalize hilo. Unadhani sikujua? Ng'ombe gani alikuwepo Vicksburg mwezi ule? Nilimjua Sheba tangu kijiko cha kwanza. Nilimlisha kwa mkono wangu tangu akiwa mtoto, Absalom. Nililia, nikala. Nikaomba ya kuongeza kwa sababu nilikuwa na njaa. Baadaye watu walihitaji kaburi la kusimama mbele yake, nikawapa kaburi. Hivyo ndivyo nchi iliyoshindwa inavyosimama tena. Wewe ukila, usitazame sahani.

Mke wangu anakutumia paja la nguruwe lililokaushwa. Lipokee. Jambo hili liishe hapa, kwa faida yako na ya mjukuu wako. Na nakukumbusha lile ombi langu: siku ya kura watu wa kanisa lako wakae mbali na mji. Safari hii sitaki hata mmoja aonekane karibu na sanduku. Nimewaambia vijana wangu wote, kutoka shambani mpaka mwenye kufunga lango, wawe mjini wakihakikisha.

T. Varnell


Tallow Creek, 9 Novemba 1878

Kwako Mheshimiwa Thaddeus Varnell,

Hongera. Nasikia umeshinda na mlipiga mizinga mpaka vioo vya duka vikapasuka.

Paja la nguruwe nimewapa mbwa. Nilipika mimi maisha yangu yote, na chakula ambacho mtu anapewa ili anyamaze nakijua kwa harufu.

Uliomba tukae mbali na mji siku ya kura. Watu walibisha sana, hasa vijana. Walitaka kwenda kupiga kura zao, wapigwe risasi kama ni kupigwa. Nikasimama kanisani nikawaambia, "Mheshimiwa ametuomba tukae mbali. Na vijana wake wote watakuwa mjini, mpaka mwenye kufunga lango. Ameandika mwenyewe." Nikasoma barua yako kwa sauti, sikukosea hata neno. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaangua kicheko kwanza, halafu wanaume wakaelewa.

Basi tulikaa mbali na mji. Tulikuwa kwako.

Tulikwenda wanaume kwa wanawake, na magari mawili ya nyumbu, jua la saa nne linawaka, tumevaa nguo za kanisa. Mke wako alitoka barazani. Nikavua kofia, nikamwambia Jenerali ametuambia tusiwe mjini, naye akasema, "Ah, ni wewe Mjomba Absalom," akarudi ndani. Nadhani alifikiri umetuagiza. Koti alilonipimia kwa kukisia lilimtosha Enoch vizuri, ningemwambia, lakini alikuwa amefunga mlango.

Jiwe ni zito, lakini nimebeba vizito zaidi, wewe mmojawapo. Tulipoling'oa tulichimba kidogo chini, ili tusimchukue marehemu kwa bahati mbaya. Ni udongo mwekundu mtupu. Hukuweka hata mfupa wa kuku.

Nimelilaza juu ya Enoch, maandishi yako ya Sheba yameangalia chini. Upande wa juu nimechonga mwenyewe kwa patasi. Delphine anasema herufi N nimeigeuza. Nimemwambia iko sawa, ni macho yake. Baadaye nilitazama, imegeuka. Itakaa hivyo.

Delphine hayupo tena huku. Amepanda treni na familia ya mchungaji kwenda Kansas, kwa ile tiketi ya kurudi uliyonitumia Agosti, tuliibadilisha stesheni. Kwa hiyo usimwandike tena kwenye barua zako. Waliobaki wako macho, na hakuna atakayekwambia nani alishika kamba upande gani. Ukimtafuta mtu, ni mimi. Nipo hapa kibarazani, sihami.

Wewe ulimla Sheba ukampa jiwe. Ukamla na mwanangu, ukampa kipande cha sufuria, na hicho hukutoa wewe, alitoa mpishi. Sasa mahesabu ya jikoni nimeyapanga upya.

Ukilitaka jiwe lako, njoo ulichukue. Sina bunduki na sitakuzuia. Ila njoo mchana, ukija na wale wa wilaya tatu na mabibi wa maua, na sajini Coyle na gongo lake. Lazima mligeuze ili mlibebe. Likigeuka watasoma kwamba chini yake yupo Sheba, na mimi nitakuwepo hapo pembeni. Wataniuliza.

Safari hii kofia itakuwa kichwani.

Bwana Absalom Pruitt